Chokaa Haikauki, Inashika: safari ya kuchora magofu ya Mbweni

Jumamosi. Mkoani

Nimetoka Chake, Pemba, alfajiri na gari ya kwanza ya Mkoani. Kanvasi mbili nimezifunga kwa kanga kuukuu ya mama, uso kwa uso, na begi la rangi nimelipakata. Utingo akaniuliza kama nimebeba kioo. Nikamwambia ni kitambaa tu, lakini alipoupokea mzigo aliushika kama kioo kweli, nami nikamwacha.

Kusi limeshika kasi. Kwenye boti nimekaa nje, mgongo ukutani, kanvasi katikati ya magoti, macho nimeyaelekeza pale bahari inapokutana na mbingu, kama alivyonifunza baba. Wenzangu wengi hali zao zilikuwa mbaya.

Ndani ya daftari nimebandika karatasi niliyoikata kwenye kalenda miaka minne iliyopita. Ni mchoro wa rangi za mafuta wa Mjerumani Caspar David Friedrich, alioufanya mwaka 1809 hadi 1810: abasia, yaani nyumba ya watawa, iliyobomoka katikati ya mialoni isiyo na jani, theluji chini, na watawa wanaopitisha jeneza kwenye mlango mrefu ambao nyuma yake hakuna tena nyumba. Mchoro wenyewe una upana wa sentimita 171 na kimo cha 110, na uko Berlin. Karatasi yangu inazidi kiganja kidogo tu. Nimeitazama kuliko nilivyowatazama baadhi ya jamaa zangu.

Ukuta ule upo kweli. Ni wa Eldena, karibu na Greifswald, mji aliozaliwa Friedrich mwaka 1774. Monasteri hiyo ilianzishwa mwaka 1199, ikajengwa kwa matofali mekundu, na ilipokwisha kuachwa watu wakachukua matofali yake wakajengea kwingine. Lakini mialoni na theluji Friedrich aliipanga mwenyewe. Hakwenda na rangi zake uwanjani. Alikwenda na penseli, akaufuata ukuta tofali kwa tofali, kisha akarudi Dresden akapaka rangi chumbani.

Mama aliponiuliza kwa nini naifuata nyumba ya Wakristo Unguja na sisi tuna Ras Mkumbuu, nilimjibu kuwa Ras Mkumbuu nimeshachora mara sita, msikiti na makaburi yake ya nguzo, na daftari analo yeye chini ya godoro. Safari hii nataka nyumba waliyoishi watu pamoja kwa kengele, wakisali, wakisoma na kulima. Pwani yetu hii, iliyo karibu zaidi na monasteri kwa maisha yake ni Mbweni. Haikuwa monasteri kwa maana kamili. Ilikuwa shule ya wasichana ya misheni. Lakini kuta zake zimebaki bila paa, na bahari iko pale pale.

Jumapili. Kikwajuni

Nimefikia kwa Ami, ndugu wa baba. Kazi yake maisha yote ilikuwa uashi, na nusu ya maisha hayo ameyamaliza kwenye majumba ya Mji Mkongwe, akibandua saruji waliyopaka wengine na kurudishia chokaa. Sasa magoti hayamruhusu kupanda jukwaa. Mikono bado anayo.

Baada ya isha tulikaa barazani nikamwonyesha rangi zangu. Alinusa tapentaini akakunja uso, akanusa mafuta ya kitani akakubali. Akauliza yanakauka kwa muda gani. Nikasema inategemea: hudhurungi siku mbili tatu, nyeupe wiki nzima na zaidi, na kwa unyevu wa Unguja zaidi ya hapo.

"Kwa sababu hazikauki," akasema. "Kama chokaa. Watu husema chokaa imekauka. Maji ndiyo yaliyokauka. Chokaa inashika, mwanangu."

Akanieleza, na nimeandika karibu kila neno. Jiwe la matumbawe linapangwa tanuuni juu ya magogo ya mnazi na kuchomwa. Moto unalitoa pumzi yake. Ukilimwagia maji linachemka na kupasuka, ndiko kuizima chokaa. Kisha unaichanganya na mchanga, na udongo mwekundu, unapiga ukuta, na kuanzia siku hiyo inairudisha ile pumzi kutoka hewani, kidogo kidogo, mpaka inakuwa jiwe tena. Ukiikimbiza na jua kali inapasuka. Ukiifunika kwa saruji, unyevu wa ndani unakosa pa kutokea, na ukuta unaoza huku uso wake unang'aa.

Mafuta ya kitani ni vivyo hivyo. Hayaruki kama maji. Yanakula oksijeni ya hewa na kugeuka ngozi ngumu, na tabaka la chini lisiposhika kwanza, la juu litapasuka. Ndiyo maana tunaanza na rangi nyembamba ya tapentaini na kumalizia na yenye mafuta mengi. Nimefundishwa kanuni hiyo zamani na nimeifuata kama dawa ya hospitali, asubuhi na jioni. Leo barazani ndipo nilipoielewa.

Ami aliigusa pia Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la Mji Mkongwe, ilivyoanguka upande tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Aliigusa kwa sentensi moja tu, akaomba maji.

Jumatatu. Mjini

Ruhusa ya Mbweni ni ya kesho, kwa hiyo leo nimezunguka. Ngome Kongwe kwanza, kwa kuwa kabla ya ngome Wareno walikuwa na kanisa pale, lililojengwa kati ya 1598 na 1612, na masalia yake yamo ndani ya kuta za Waomani. Nimechora kipande kimoja na kuondoka, maana fundi sauti alikuwa anajaribu spika za usiku.

Mkunazini nimekaa zaidi. Kanisa hili jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache baada ya Sayyid Barghash kulifunga soko la watumwa lililokuwa hapa. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, naye amezikwa nyuma ya altare, 1882. Wengi humjua kwa Kiswahili: alikaa chini akakisikiliza Kiunguja, na kitabu chake cha kukifundisha kilitoka mwaka 1870. Mimi niliinua kichwa kutazama paa. Ni kuba refu la saruji na matumbawe yaliyopondwa, bila boriti hata moja, na watu wakati ule waliamini litaanguka. Nilimpigia Ami nikiwa ndani, kwa sauti ya chini. Akajibu, "Nalijua. Nilikuwa napita hapo makusudi."

Msalaba wa mbao ulioko ukutani unatokana na mti wa kule Chitambo, Zambia ya leo, ambapo moyo wa msafiri na mmisionari David Livingstone ulizikwa. Nimeuchora kwa penseli na kuufuta. Si wa mchoro wangu.

Jumanne. Mbweni, penseli

Kutoka mjini ni mwendo mfupi kusini, njia ya uwanja wa ndege, kisha unashuka kuelekea baharini. Msimamizi amenipa sharti moja: nisipande juu ya kuta.

Misheni ya UMCA, ya Waanglikana kutoka Uingereza, ilifika Unguja mwaka 1864 na kulinunua shamba la Mbweni mwaka 1871. Watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza walipewa viwanja wajenge na kulima, na wasichana wakajengewa shule, St Mary's. Mwaka 1877 akaja Mwingereza Caroline Thackeray, akaiongoza kwa miaka 25. Wasichana wengine walifundishwa ualimu, wengine kushona na kazi za shamba. Jirani alikaa balozi wa Uingereza, John Kirk, aliyependa mimea, akaotesha hapa miche ya kila aina. Baadaye, mwaka 1911, Askofu Frank Weston alianzisha Unguja shirika la masista wa Kianglikana, Community of the Sacred Passion, na hapo hata mama angekubali kuliita jambo la kimonasteri.

Haya niliyajua kabla ya kuja. Nisilolijua ni rangi.

Nilifika nikiwa na picha kichwani: ukuta mweupe dhidi ya kijani, kama theluji ya Friedrich dhidi ya miti. Hakuna ukuta mweupe Mbweni. Mvua za miaka zimeuteremshia michirizi myeusi kutoka juu mpaka chini. Penye kivuli kuna ukungu wa kijani wenye vumbi la manjano. Lipu ilipobanduka, udongo mwekundu kati ya mawe unaonekana kama ufizi. Mawe yenyewe, ukisogea, yana matundu na alama za wadudu wa bahari, mengine bado yana umbo la tumbawe kamili. Sehemu pekee ambayo chokaa bado ni nyeupe ni kwenye unene wa madirisha, pale mvua isipofika. Unene huo ni mkono wangu mzima kutoka bega mpaka kwenye vidole.

Nimechora penseli kutwa. Matao, mlango, mti wa jamii ya mkuyu uliootea juu ya ukuta na kuteremsha mizizi kama kamba za jahazi. Adhana ya alasiri ilisikika kutoka upande wa barabara, nikaswali kwenye nyasi, nikarudi kazini.

Jumatano. Mbweni, rangi

Kanvasi ni sentimita 60 kwa 90. Nilikwisha kuipaka jeso, rangi nyeupe ya msingi, nikiwa Chake, tabaka tatu, nikaisugua kwa msasa. Asubuhi nimeifunika yote kwa hudhurungi iliyopunguzwa kwa tapentaini, nikafuta kwa tambara pale mwanga unapotakiwa. Kufikia saa sita mchoro wote ulikuwepo, wa rangi moja, na wallahi ulikuwa mzuri.

Kisha nikauharibu. Hamu ya theluji ilinishinda. Nikachukua nyeupe ya titani, nzito, nikaupaka ukuta wa mbele kwa kisu, nikarudi nyuma hatua kumi kutazama. Ulikuwa ukuta wa duka jipya. Nilikaa chini. Halafu nikaukwangua wote, na nyeupe iliyokwanguliwa nikaifunga kwenye gazeti.

Nimeanza tena kwa kijivu cha kuchanganya: bluu ya ultramarini na hudhurungi iliyochomwa, mara ikielemea ubaridi, mara joto, na manjano ya udongo pale jua linapogonga. Kivuli cha chokaa kina zambarau ndani yake, na chini, karibu na ardhi, kinameza kijani cha nyasi. Ukishayaona hayo mawili huwezi tena kutoyaona. Nyeupe nimejiwekea sheria: itakwenda kwenye unene wa madirisha tu, na ya mwisho.

Bibi anayefagia majani alikuwa ananitazama tangu asubuhi. Jioni alikuja akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hii ni hapa?"

"Ni hapa."

Akatazama kwa muda. "Hapa palikuwa na watoto. Wewe umepachora kama ghala."

Akaendelea kufagia.

Alhamisi. Mbweni

Usiku sikulala sawasawa kwa lile neno la ghala.

Asubuhi sikufungua rangi. Nimekwenda kwanza kanisa la Mtakatifu Yohana, lililowekwa wakfu mwaka 1882 na linalotumika mpaka leo, dakika chache kwa miguu. Thackeray amezikwa hapo, 1926. Nilisimama nikawaza kwamba jina lake nalijua, miaka yake naijua, lakini wasichana wale sina hata mmoja ninayeweza kumwita. Walichukuliwa kwao wakiwa wadogo, wakavushwa nchi, wakapakiwa jahazini, wakakamatwa tena na mabaharia wengine, safari hii kwa wema, wakaletwa hapa kwenye nyumba ya lugha ngeni, na wengi wakapewa majina mapya kwenye ubatizo. Mimi nimekuja na mirija kumi na miwili ya rangi kupiga michirizi ya ukungu. Bibi alikuwa na haki.

Friedrich aliweka jeneza mlangoni, na kwa mchoro wake ni sahihi: watawa wa Eldena wanazika na nyumba yao nayo imekufa. Mbweni haipokei jeneza. Walioingia kwenye mlango huu waliingia hai.

Mchana nikarudi kwenye kanvasi. Kijivu cha jana kilikuwa kimeshika juu, chini bado laini. Nikapaka anga, nyepesi, na majani ya mgomba upande wa kulia.

Ijumaa

Mvua kutwa. Nimekula urojo Kikwajuni na kusafisha brashi.

Jumamosi. Mbweni, mtu

Leo ndiyo siku ya mwisho ya ruhusa. Nimefika saa moja asubuhi, nyasi bado zina maji ya jana na kuta zimelowa, nyeusi kuliko siku zote. Ilinibidi kuchora kwa kukumbuka Jumatano, na nadhani ni bora hivyo.

Nimemweka msichana mlangoni. Amesimama upande, ameshika kingo ya ukuta, kanga mabegani. Saa nzima nimemfanyia kazi. Nilimpa uso, nikauona kuwa ni uso wa mdogo wangu. Nikaubadilisha, ukawa uso wa mtu wa kwenye tangazo. Nikamgeuza ampe mgongo mtazamaji, akawa kama wale wanawake wa mgongoni wanaouzwa kwenye kila duka la picha mjini, kanga nyekundu, mlango wa njumu, mia kwa siku. Sikuja Unguja kwa hilo. Mchoro wa asili maana yake mkono umefika pale ukaona, na mimi msichana huyu sikumwona.

Nikalowesha tambara tapentaini nikamfuta.

Rangi ya mafuta haifutiki yote. Ya chini ilikuwa imeshika, ya juu ikatoka, na katikati pakabaki doa la manjano iliyofifia, kimo cha kidole gumba, kwenye mwanga wa mlango. Halina kichwa wala mkono. Lakini limesimama. Nilinyanyua brashi mara tatu kulifunika, na mara tatu nikairudisha. Nimeliacha.

Saa kumi jua likaingia kutoka upande wa bahari, likapita kwenye madirisha, likapiga unene wa ukuta. Nilikuwa na kama dakika ishirini. Nimefungua nyeupe. Dirisha la kwanza, la pili, la tatu, kwa brashi ndogo, rangi nzito yenye mafuta, bila kurudia mahali nilipopita. Sijawahi kuwa na furaha kama ile nikiwa kazini. Jua likaondoka, nikaiweka brashi chini, mikono ikitetemeka.

Bibi hakuja leo.

Jumamosi usiku. Kikwajuni

Nilimwegemezea Ami mchoro kitini chini ya taa. Alivaa miwani. Hakutazama anga, wala mti, wala mlango. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kushoto, kwenye safu ya matundu zilimoingia boriti za ghorofa.

"Nani alijenga hii?"

"Kwani?"

"Matundu umeyatawanya. Boriti ya mkoko haibebi kwa nafasi hiyo. Hukaa karibu karibu, hivi," akapanga vidole vyake juu ya goti, "kwa sababu juu yake kuna mawe na chokaa, mzigo wake si mchezo. Sakafu yako hii ingewaangukia wale watoto."

Nilikwenda kutafuta michoro ya penseli ya Jumanne. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Penseli yangu iliyahesabu matundu kumi na moja, rangi yangu ikaweka saba, kwa uzuri tu. Nimekaa mpaka saa sita na nusu usiku nikirekebisha, yeye pembeni ananihesabia. Kumi na moja. Ndipo akatazama mahali pengine, akafika mlangoni, akakaa pale muda mrefu, hakusema kitu.

Jumapili. Kurudi

Kanvasi mbichi huifungi kwa kanga. Nimeikabili na ile tupu, nikaweka vipande vya gome la mnazi kwenye pembe nne ili nyuso zisigusane, nikafunga kamba kuzunguka. Mchukuzi wa Malindi alitaka kuipanga chini ya mifuko ya unga. Nikambembeleza, nikamwongezea, nikaishika mwenyewe. Bahari ya leo ni shwari kuliko ile ya kuja.

Chake nimefika baada ya magharibi. Mama amefungua kamba mwenyewe. "Kumbe nyumba yenyewe ni ya mawe yetu," akasema, akaenda kutoa daftari la Ras Mkumbuu chini ya godoro, akaliweka pembeni yake.

Chake, wiki mbili baadaye

Nimeutundika chumba cha nyuma, mbali na moshi wa jikoni, dirisha nimeliacha wazi mchana na kulifunga usiku. Vanishi ni baada ya miezi sita, si kabla. Hudhurungi imeshika. Kijivu kimeshika. Doa la mlangoni lilishika tangu wiki ya kwanza, ni jembamba sana.

Ami hupiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Haulizi hali kwanza.

"Chokaa imeshika?"

Naenda chumbani na simu, nagusa ukingo wa dirisha la tatu kwa ncha ya kidole.

"Bado, Ami. Ile nyeupe bado."